Maabara ya magonjwa ya mifugo na kuku: kwa nini inahusu amani yetu

Ndugu wasomaji, labda mtajiuliza kwa nini gazeti hili dogo la amani linazungumzia leo vidudu vya ng'ombe na kuku. Sababu ni hii: katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, mnyama akifa na chanzo kisijulikane, mara nyingi hutafutwa mtu, hautafutwi ugonjwa. Ng'ombe watatu wakianguka kando ya shamba, mfugaji husema mkulima ametia sumu kwenye majani. Mbuzi wakianza kufa kijijini wiki mbili baada ya wakimbizi kufika, wenyeji husema wakimbizi wamekuja na laana yao. Kuku wa mama mmoja wakiisha wote kwa usiku mmoja, jirani aliyepita jioni ndiye anayeulizwa alikuwa anatafuta nini. Anayelaumiwa hana namna ya kujitetea, na anayelaumu hana namna ya kuhakikisha. Hapo ndipo vijana huanza kunoa panga.

Wazo la kuweka maabara ya kanda kwa kupima magonjwa ya mifugo na kuku mashariki mwa nchi yetu linazungumzwa kwa kawaida na waganga wa mifugo na watu wa serikali. Sisi tunaona linawahusu pia wazee wa vijiji, machifu, viongozi wa kambi na kila familia iliyohama na mbuzi wawili mkononi. Tutaeleza maabara kama hiyo ni kitu gani, inafanya kazi namna gani, na mambo ambayo yasipotazamwa mapema itakuwa nyumba nzuri isiyo na faida.

Dalili zinadanganya

Mfugaji wa kwetu anajua mengi. Anajua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama masikio tu. Lakini kuna mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Tuchukue homa ya ng'ombe. Ndigana kali inaletwa na kupe wa sikio wa rangi ya kahawia. Tezi chini ya sikio zinavimba, mnyama anahema kwa shida na anaweza kufa ndani ya wiki mbili au tatu. Ndigana baridi nayo inaletwa na kupe, lakini ufizi unakuwa wa njano na choo kinakuwa kigumu. Ugonjwa wa mkojo mwekundu ni wa kupe vilevile. Nagana inaletwa na mbung'o, na mnyama anakonda polepole huku damu ikipungua. Yote manne huanza na homa na kukataa kula. Na kila moja ina dawa yake: buparvakwoni kwa ndigana kali, diminazeni kwa nagana na kwa mkojo mwekundu, oksitetrasiklini kwa ndigana baridi.

Sasa, sokoni ni dawa gani inayopatikana kila mahali? Oksitetrasiklini. Basi kila homa inachomwa sindano hiyo hiyo. Ng'ombe wa ndigana kali anaendelea kufa, mwenyewe amekwisha kuuza mahindi ili kununua dawa, na mwishowe anasema haukuwa ugonjwa, ni mkono wa mtu. Kumbe tone moja la damu kutoka kwenye sikio, na majimaji kidogo kutoka kwenye tezi iliyovimba, yakipakwa kwenye kipande cha kioo, yakatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, hutoa jibu kwa muda wa saa moja hivi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha maabara, na hakihitaji mashine kubwa. Kinahitaji mtu aliyefundishwa, rangi safi na mwanga.

Kwa kuku shida ni kubwa zaidi. Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, na mafua makali ya ndege vinafanana sana: kuku wanavimba kichwa, wanahara, wanapinda shingo au wanakufa ghafla bila dalili yoyote. Lakini kideri hakiui watu, na kina chanjo inayovumilia joto, ya tone moja kwenye jicho, ambayo mama yeyote anaweza kujifunza kuitoa kila baada ya miezi minne. Mafua makali ya ndege ni jambo jingine: aina zake fulani zimeua watu katika nchi mbalimbali, na dawa yake ni kuua kuku wote wa mahali hapo. Hakuna mtu, hata awe mganga wa mifugo wa miaka thelathini, anayeweza kutofautisha magonjwa hayo mawili kwa macho tu. Hapa hadubini haitoshi. Inahitajika mashine ya PCR, ile ile tuliyoizoea masikioni wakati wa Ebola na wa korona, inayotafuta alama za kirusi chenyewe.

Yaliyotokea yanatufundisha

Mwaka 2017 mafua makali ya ndege aina ya H5N8 yalionekana kwanza Uganda, mwezi wa kwanza, kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria na kwa kuku na bata wa nyumbani. Miezi michache baadaye bata na kuku wakaanza kufa upande wetu, kwenye vijiji vya Ituri kando ya Ziwa Albert. Ndege hawana pasipoti. Wanavuka ziwa wanapotaka. Lakini sampuli za wavuvi na wafugaji wa Ituri zilibidi kusafiri mbali ili ugonjwa upate jina. Maabara kuu ya mifugo ya taifa iko Kinshasa, na nyingine iko Lubumbashi. Kutoka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, na hakuna barabara ya kupitisha sanduku la barafu. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita ilipofika Goma, uwanja wa ndege wa mji huo ulifungwa, na hata njia hiyo ya ndege ikakatika.

Wengi wetu tunakumbuka Ebola. Mwezi wa saba mwaka 2018 watu walikuwa wanakufa Mangina, karibu na Beni, na sampuli zao zikapelekwa Kinshasa; tarehe 1 mwezi wa nane serikali ikatangaza kwamba ni Ebola. Baadaye maabara ndogo zikawekwa Beni, Butembo, Mangina, Goma na Bunia, na jibu likawa linapatikana siku ile ile. Hilo lilibadilisha kazi yote. Aliyekuwa na malaria alirudi nyumbani kwake, aliyekuwa na Ebola alitunzwa. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki.

Lakini tuseme na upande mwingine wa habari hiyo, kwa kuwa watu wa mradi hupenda kuusahau. Maabara zilikuwapo na bado mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Jibu la haraka halikutosha. Watu walikuwa wanauliza: nani analeta jibu hilo, anatumwa na nani, na kwa nini amekuja na magari mapya wakati sisi tulikuwa tunauawa miaka yote bila mtu kuja? Maabara ya mifugo itaulizwa maswali hayo hayo.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa mwezi wa nne mwaka 2025. Katika Hifadhi ya Virunga, kwenye mto Ishasha unaoingia Ziwa Edward, viboko wapatao 50 hivi na wanyama wengine walikutwa wamekufa, mizoga inaelea. Vipimo vikaonyesha kimeta. Fikirini kama vipimo hivyo visingekuwapo. Kuna wawindaji, kuna walinzi wa hifadhi, kuna makundi yenye silaha, kuna wavuvi. Kila mmoja angeshtakiwa na mwingine kwa kutia sumu mtoni. Badala yake watu waliambiwa neno moja la kusaidia: msiguse mizoga, msile nyama hiyo, chemsheni maji.

Kimeta tunakitaja kwa uzito kwa sababu kinaua watu kupitia nyama. Mnyama anakufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni na nyuma. Mnyama wa namna hiyo hapasuliwi kamwe, hata kama watoto wana njaa. Akipasuliwa, mbegu za ugonjwa huingia udongoni na kukaa humo makumi ya miaka. Azikwe ndani sana, au achomwe mpaka awe majivu.

Wakimbizi, mifugo na lawama

Familia ikikimbia usiku, haichagui njia. Ng'ombe wa Masisi wanachanganyika na ng'ombe wa Rutshuru, mbuzi wanapitia malisho ambayo hawakuyajua, na wengine wanauzwa njiani kwa bei ya kutupa. Hakuna anayeandika mnyama gani ametoka wapi. Katika kambi na katika familia zinazopokea wageni, kuku, sungura na dende wanalala chumba kimoja na watu. Ni mazingira ambayo ugonjwa wowote unayapenda.

Kwa hiyo wenyeji wanapoogopa mifugo ya wageni, hofu hiyo si ya bure siku zote. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipoingia kwa nguvu magharibi mwa nchi yetu mwaka 2012, iliua makumi ya maelfu ya mbuzi, na inasafiri na mbuzi wanaouzwa na kuhamishwa. Lakini hofu isiyopimwa humwangukia kila mgeni, mwenye mbuzi mzima na mwenye mbuzi mgonjwa. Kipimo kinampa mkimbizi kitu cha kuonyesha: karatasi inayosema mbuzi hawa wamepimwa, wamechanjwa siku fulani. Chanjo ya sotoka hiyo ni sindano moja inayokinga miaka mitatu au zaidi, na mashirika ya dunia yamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa ugonjwa huo. Si ndoto tupu. Sotoka ya ng'ombe, ambayo wazee wetu waliisikia kwa hofu, ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011, na haingekwisha bila maabara zilizoweza kusema huu ndio, na huu sio.

Hapa tunataka kuyaambia mashirika yanayogawa mbuzi, nguruwe na kuku kwa wahami neno moja wazi. Mbuzi mia mbili walionunuliwa kwenye masoko matano na kupelekwa kijiji kimoja ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kueneza ugonjwa. Wakae peke yao siku 21 kabla ya kugawanywa, wapimwe, wachanjwe. Kama mradi hauna pesa za kufanya hivyo, basi na ugawe majembe.

Kwenye milima ya juu ya Fizi, Uvira na Mwenga kuna desturi ya wafugaji kuteremsha ng'ombe wakati wa kiangazi kwenda malisho ya Fizi. Wanapofika huwapa viongozi wa mahali kile kinachoitwa itulo. Wenyeji na wafugaji wamegombana sana kuhusu itulo: nani apewe, kiasi gani, na shamba lililoliwa linalipwa vipi. Mapatano mengi ya amani ya huko yamezungumzia njia za ng'ombe na tarehe za kuteremka. Tungependa afya ya mifugo iingie katika mazungumzo hayo. Itulo inalipia majani. Hailipii ugonjwa wa miguu na midomo utakaoachwa nyuma. Kama kundi limepimwa kabla ya kuteremka, chifu wa chini anajua anapokea nini, na mfugaji akirudi juu na ng'ombe wanaokohoa anajua wapi pa kuuliza bila kumshika mtu shati.

Kinachohitajika ili maabara isife

Nchi yetu imejaa majengo yenye jina la mfadhili mlangoni na vumbi ndani. Maabara ya mifugo inakufa haraka kuliko shule, kwa sababu inakula kila siku. Inataka umeme usiokatika, maana friji ikizimika siku mbili dawa za kupimia zinaharibika, na nyingi zina tarehe ya mwisho fupi. Inataka maji safi, tanuri la kuchomea mizoga na taka, na chumba kilichofungwa ambamo kirusi hakitoki na kiatu cha mfanyakazi. Inataka watu wanaolipwa mshahara mwezi baada ya mwezi. Goma inapata umeme wa maji kutoka mitambo ya Virunga, ule wa Matebe ulianza mwaka 2015. Miji mingine mingi inategemea jenereta na jua.

Kwa hiyo hatuamini katika jumba moja kubwa peke yake. Tunaona vizuri zaidi maabara moja ya kanda yenye PCR na vipimo vya damu vya ELISA, ikizungukwa na vituo vidogo vya hadubini kwenye masoko ya ng'ombe na kwenye mipaka ambako mifugo inavuka, kama Kasindi, Bunagana na Mahagi. Vituo vitatoa majibu ya kupe na minyoo papo hapo, na kutuma yale mazito tu. Vyuo vikuu vya mashariki vina vijana waliosomea kazi hii na wasio na mahali pa kuifanya. Wafanyabiashara wakubwa wa ng'ombe walipe vipimo vyao. Familia ya wahami isilipishwe kwa magonjwa ya hatari, maana ikilipishwa haitaleta sampuli.

Jambo la barabara si dogo. Sanduku la sampuli likifika kwenye bariyeri na askari akataka lifunguliwe, au akataka pesa, kazi ya siku tatu imepotea. Viongozi wa kila upande wanaotawala njia wanapaswa kukubaliana mapema kwamba sanduku hilo lipite kama linavyopita sanduku la chanjo ya watoto.

Kuna swali gumu zaidi, la nani anamiliki jibu. Tuseme maabara imepata mafua ya ndege au homa ya nguruwe ya Afrika. Homa hiyo haimdhuru mtu hata kidogo, lakini inaweza kuua nguruwe wote wa kijiji na haina dawa ya kutibu. Mwenye nguruwe akiona mmoja ameanza kuumwa, haraka yake ni kuchinja na kuuza nyama kabla hajapoteza vyote, na kirusi kinakaa kwenye nyama hiyo kwa muda mrefu na kuhamia kwa nguruwe wengine wanaokula mabaki. Tunamlaumu? Ana watoto wa kulipia shule. Mahali pasipo na fidia watu wataficha ugonjwa, na maabara itakuwa kama polisi wa kuogopwa. Ni afadhali kuanza na mfuko mdogo wa fidia na mashine chache kuliko mashine nyingi bila mfuko.

Tena, wafanyakazi wa maabara wasitoke kabila moja wala upande mmoja wa mgogoro. Wala isijengwe karibu na kambi ya jeshi. Jibu la kipimo lisipelekwe kwa mfugaji peke yake kabla mkulima hajalisikia, wala kwa chifu peke yake. Lisomwe mbele ya kamati ya amani ya mahali, kwa lugha inayoeleweka. Na likisema kweli kuna sumu, kwa sababu mara chache huwa ni kweli, kamati iwe imekwisha kukubaliana tangu mwanzo kwamba jambo hilo linakwenda kwa sheria, haliendi kwa vijana.

Wakati tunangoja

Hakuna sababu ya kukaa mikono mitupu mpaka maabara ifunguliwe. Wanyama wawili au watatu wakifa kwa siku chache, kiongozi wa kambi au mzee wa kijiji azuie kuhamisha mifugo na kuuza nyama, kisha amwite mfanyakazi wa mifugo aliye karibu. Usipasue mzoga wewe mwenyewe. Kuku waliokufa wawekwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, wafike na barafu ndani ya siku moja. Aliyewashika anawe mikono kwa sabuni, na watoto wasiwachezee. Damu ya mnyama aliye hai inachukuliwa na aliyefundishwa, inakaa baridi lakini haigandishwi.

Na sampuli isiende bila karatasi. Iandikwe ni wanyama wangapi walikuwapo, wangapi wameugua, wangapi wamekufa na tangu siku gani; wametoka wapi mwezi uliopita na wamechanganyika na kundi la nani; wamekunywa maji ya wapi; wamepewa dawa gani, hata ile ya majani. Chini yake ziandikwe namba mbili za simu, moja ya mtu wa upande wa wafugaji na moja ya mtu wa upande wa wakulima, ili jibu likitoka wote wawili walipate siku ile ile.